Vyungu Sita Vinavyovuja

Nilirudi nyumbani Ipyana, Kyela, na mawe sita ndani ya boksi la biskuti. Mama alinipokea barazani, akanipa pole ya safari, akafungua boksi akitarajia biskuti. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejitahidi asimuumize mgeni, "Haya ni ya nini, mwanangu?"

"Ni mimea, Mama."

Jirani yetu, mwanamke wa makamo ambaye alikuwa amekuja kunisalimu na kuona nimeleta nini, aliinama akachungulia. "Wenzako wanarudi na watoto," alisema. "Wewe umesoma miaka yote hiyo ukarudi na kokoto. Kwani hapa kokoto zimeisha?"

Lakini ni mimea kweli. Asili yake ni majangwa ya kusini mwa Afrika, na kila mmoja ni majani mawili manene yaliyoshikana, yenye ufa katikati kama kwato za mbuzi, ya rangi ya kijivu au ya kahawia yenye madoa. Ukiyachanganya na kokoto huyaoni mpaka uyaguse. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar nilipoagiza mbegu zake mtandaoni. Zilikuja kwenye bahasha, vumbi tupu, nikadhani nimetapeliwa. Nikalimwaga lile vumbi kwenye kifuniko cha ndoo kilichojaa mchanga, nikakiweka kwenye dirisha la hosteli, kwa ubishi tu, nione kama vumbi linaweza kuota. Likaota. Mawe mengi yalikufa kwa sababu niliyamwagilia. Yaliyopona ni yale sita niliyoyasahau wakati wa mitihani.

Hicho ndicho kilichonifanya niyapende. Kila kitu kingine kilikuwa kinanidai kitu. Mawe hayakunidai chochote, na nilipoyapa chochote yaliudhika.

Niliitwa nyumbani kwa sababu moyo wa baba ulikuwa umetanuka, na kwa sababu kati ya watoto wanne mimi ndiye niliyekuwa na shahada bila kazi. Hakuna aliyesema hivyo. Kaka zangu walisema tu, "Wewe una nafasi," na dada yangu akasema, "Wewe unaelewa mambo ya madaktari." Mimi nilisoma jiografia. Lakini ni kweli kwamba nilikuwa na nafasi. Nafasi ndiyo ilikuwa imebaki.

Daktari wa Mbeya alitueleza taratibu, akichora moyo kwenye karatasi. Moyo wa baba umekuwa kama mpira uliovutwa ukalegea. Hauwezi kusukuma maji yote yanayoingia mwilini, kwa hiyo maji yanashuka miguuni na kupanda kwenye mapafu. Kuna vidonge vya kuyatoa. Na kuna kipimo: vikombe vitano kwa siku, kikombe cha bati cha nyumbani, pamoja na chai, uji na mchuzi. Akizidisha, pumzi itakata. Alilisema hilo la mwisho akinitazama mimi, si mama, na tangu siku ile kazi ikawa yangu.

Sijui kama mtu ambaye hajaishi Kyela anaweza kuelewa kazi hiyo ilivyo. Hapa maji si kitu cha kuwekewa kipimo. Mvua huanza kabla ya Krismasi na bado inanyesha watu wakipanga safari za Sabasaba. Mito inashuka kutoka milimani na kutandaa kwenye mashamba ya mpunga, kule Ngonga watu wanavuka barabara wakiwa wamekunja suruali, na ziwa liko pale pale, halina chumvi, unaweza kuinama ukanywa. Mgonjwa hapa huletewa vitu vya kunywa. Anayekuja kumwona mgonjwa mikono mitupu hajaja. Na wao walikuja. Wazee wa kanisa walikuja na soda, mashangazi walikuja na uji wa ndizi kwenye chupa za chai, akina mama wa kwaya walikuja na maziwa ya mgando kwenye vidumu. Mimi nilisimama mlangoni na daftari.

"Maziwa si maji," shangazi yangu aliniambia siku moja, amekumbatia kidumu chake kifuani.

"Maziwa ni maji, Shangazi."

"Maziwa ni chakula. Hata mtoto mchanga anajua."

"Sehemu kubwa ya maziwa ni maji."

"Na sehemu kubwa ya wewe ni nini?" akauliza. "Maana naona ni mdomo tu."

Jirani ndiye aliyenipa jina. Alisimama nje ya baraza asubuhi moja, akapiga hodi, akauliza, "Afisa Maji yupo? Leo tumeruhusiwa salamu kavu au nazo zina kipimo?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo nikawa Afisa Maji, hata kwa watu wa sokoni.

Baba mwenyewe hakunisumbua. Ujanani alikuwa mpakiaji mizigo bandarini Itungi, enzi zile meli zilipokuwa zinaondoka kwenda kusini zimebeba mchele na watu, na aliujua mstari uliochorwa ubavuni mwa meli. Maji yakiufunika ule mstari, alisema, hata nahodha awe nani, meli haiondoki. Yeye ndiye aliyenituma nichukue kalamu ya wino mzito nichore mstari kwenye jagi la plastiki, mahali vikombe vitano vinapoishia. Kila asubuhi nilijaza jagi mpaka mstarini, likakaa kwenye kigoda karibu na kiti chake. Kikombe kimoja saa moja pamoja na vidonge, na vinne vilivyobaki mpaka jioni. Alikunywa kwa kulamba, kama mtu anayeonja chumvi. Midomo yake ilikuwa mikavu muda wote. Sijawahi kumsikia akiomba. Aliangalia tu mvua.

Mawe niliyaweka karibu naye, pembeni ya kichanja cha kukaushia kakao, kwa sababu pale palikuwa na jua la asubuhi na ile nailoni inayofunika kakao mvua ikija. Lakini shida ilianza mapema. Vikombe vya plastiki nilivyoyapandia mawe chuoni vilipasuka. Udongo wetu mweusi unashika maji kama sifongo. Nilileta changarawe nyepesi zenye vitundu, zile zinazotoka upande wa Rungwe, nikachanganya na mchanga, na bado unyevu haukuondoka. Nilihitaji vyungu vya udongo vinavyopumua, vidogo, vyenye tundu chini. Nikaenda ufukweni karibu na Matema, kwa wanawake wa Kikisi wanaofinyanga.

Nilimkuta mama mmoja amekaa chini ya kibanda cha nyasi, anasugua shingo ya chungu kwa kijiwe laini cha ziwani. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa, mugonile, kwa heshima. Akaitikia, akanijibu kwa Kiswahili ili tusichoshane.

"Nataka vyungu sita," nikasema, "vidogo, vya kuenea kiganjani. Vyenye tundu chini."

"Vyenye nini?"

"Tundu. Maji yapite."

Aliweka kijiwe chini. Akamwita mwenzake aliyekuwa kibanda cha pili. "Njoo umsikie huyu. Anataka chungu kinachovuja."

"Muuzie vile ulivyofinyanga ulipokuwa msichana," mwenzake akajibu bila kuinuka. "Vyote vilikuwa vinavuja."

Walicheka sana. Kisha yule mama akanieleza, bila kucheka tena. Kila chungu chake kikishachomwa na kupoa anakijaza maji ya ziwa, anakiweka juu ya mchanga mkavu, anakwenda kupika. Akirudi akaukuta mchanga umebadilika rangi, anakivunja pale pale. Hauzi kwa bei ya chini, hampi ndugu. Anavunja. "Kutoka hapa mpaka mjini Mbeya," alisema, "hakuna mtu anayeweza kusema chungu changu kinavuja. Sasa nikitoboe kwa mkono wangu?"

"Lakini ni tundu la makusudi, Mama. Si kosa."

"Atakayekiona atajuaje kama ni makusudi?"

Chuoni swali kama lile lingechukua semina nzima, na tungetoka bila jibu, tumeridhika. Yeye alikuwa amerudi kwenye kusugua.

Mwishowe tulipatana. Atavifinyanga, lakini havitapata ile michirizi nyekundu na nyeupe anayochora shingoni, ambayo watu wanaijua kuwa yake. Na tundu nitatoboa mwenyewe. Nilirudi siku ya pili udongo ukiwa umeanza kushikamana, akanipa bua la tete lililochongwa, akageuka upande wa ziwa. Nikatoboa vyungu sita, kimoja kimoja, naye amenipa mgongo. Wiki iliyofuata niliviona vimechomwa, vyekundu, vizuri, havina alama ya mtu yeyote. "Ndaga," nikashukuru. Akasema, "Wakikuuliza, mimi hunijui."

Baba alivipenda. Alipokea kila chungu, akakigeuza, akachungulia jua kupitia tunduni. Nilipanda mawe, nikamweleza masharti. Hayanyweshwi kwa siku wala kwa wiki. Unayaangalia. Yakijikunja mikunjo midogo ubavuni kama kidole kilichokaa ndani ya maji, unayapa kijiko kimoja cha chai, kila moja, kisha unaacha. Na kuna wakati hata yakijikunja hupewi ruhusa ya kuyapa: wakati jipya linatoka. Majani mapya mawili huchomoza katikati ya ufa na kuyanywa yale ya zamani. Ya zamani husinyaa, hukauka, huwa kama karatasi. Ukiyapa maji wakati huo ya zamani hayafi, na mapya hayapati nafasi, na yote yanaoza.

"Kwa hiyo anakunywa maji ya baba yake," baba akasema.

"Sipendi mifano, Baba."

"Si mfano. Nauliza tu."

Akawa mlinzi wao. Ilikuwa kazi anayoiweza akiwa amekaa. Wingu likikaribia aliita "Nailoni!" na mimi au mama tulikimbia kufunika kakao na mawe pamoja. Kila asubuhi aliyakagua, akanipa taarifa: la kwanza salama, la pili salama, la tatu amelegea kidogo lakini anavumilia. Aliyaita wenzangu. "Wenzangu wamelalaje," alisema, na kama sijajibu alijijibu mwenyewe.

Mama hakuyapenda. Au niseme hakupenda kuyatazama. Mama ni mtu anayemwagilia. Ana miche ya kakao kwenye viriba nyuma ya nyumba, mchicha, migomba ambayo haihitaji mtu, na bado jioni anaizungukia na ndoo, mvua ikiwa imenyesha mchana kutwa. Nilimuuliza mara moja kwa nini anamwagilia ardhi iliyolowa. Alisema, "Naisalimia." Na kwa miezi ile mama alikuwa amenyang'anywa kazi yake yote. Alimpikia mume wake bila chumvi, bila mchuzi. Alimkuta na midomo mikavu akapita. Miaka arobaini alikuwa amempelekea yule mtu chai kila alipokaa chini, na sasa binti yake alikuwa na daftari. Niliyaona hayo. Sikuyatilia maanani. Nilikuwa nalala saa tano kwa siku, vipande vipande, nasikiliza pumzi ya baba kupitia ukuta, na mtu aliyechoka hivyo anaona kila kitu na haelewi hata kimoja.

Mwezi wa nne mvua ilikuwa haikatiki. Ndipo mawe manne kati ya sita yalipoanza kusinyaa. Maelekezo ya mtandaoni yalikuwa yameandikwa na watu wa nchi zenye theluji, nilikuwa nimeyageuza miezi kwa ajili ya upande wetu wa dunia, na bado mawe yangu hayakufuata kalenda ya mtu yeyote. Lakini dalili zilikuwa wazi. Ufa ulikuwa umefunguka, ndani kulikuwa na kitu kipya cha kijani chenye ukubwa wa punje ya mchele.

"Hivi vitu vinakufa," mama alisema.

"Havifi. Vinabadilika."

"Tazama vilivyokondeana. Mnavitazama tu, wewe na baba yako."

"Mama, naomba. Hata tone."

Alinitazama. "Hata tone," akarudia, akaingia ndani.

Wiki ile ile miguu ya baba ilianza kuvimba tena. Kila asubuhi nilibonyeza kidole gumba juu ya kifundo nikahesabu muda ambao shimo linachukua kujaa, na shimo lilikuwa linakaa. Vidonge nilimpa mwenyewe. Jagi lilishuka sawasawa na daftari. Nikaanza kutafuta. Mimi ni mtu wa kutafuta, nikiambiwa jambo lazima niuguse upande wake wa nyuma, watu wamenichoka kwa hilo tangu shule ya msingi.

Nikakipata kikombe. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kikombe cha kwanza cha siku. Baba alikuwa ameshakaa barazani. Kile kikombe chake cha bati kilikuwa kigodani, ndani kimelowa, kina matone. Mama alikuwa anafagia uwanja.

"Nani ametumia kikombe hiki?"

Mama aliacha kufagia. Baba alimtazama mama. Ilikuwa nusu ya sekunde, lakini niliiona, na nilijisifu kwa kuiona.

"Mimi," baba akasema. "Nilisikia kiu."

"Nani alikupa?"

"Nimesema mimi. Nina mikono."

Nilimgeukia mama. Siandiki hapa kila nililosema. Nilisema kwamba huruma yake itamuua. Nilisema sikuacha maisha yangu Dar kuja kushindana na kikombe. Mama alisimama na ufagio wake. Aliinamisha kichwa, na mimi nikahesabu hilo kama kukiri.

Siku ile nilimpunguzia baba kikombe kimoja, kufidia kile alichokunywa. Kesho yake kikombe kilikuwa kimelowa tena, na baba akasema tena ni yeye. Nikapunguza tena. Ikawa siku nne. Siku nne baba yangu alikunywa vikombe vinne badala ya vitano. Joto lilikuwa lile la mvua, linalobana, nguo hazikauki. Midomo ilimpasuka. Siku ya tatu aliniomba kitambaa kilicholowa ajifute uso, nikampa, nikasimama kuhakikisha hakinyonyi. Alijifuta paji la uso, mashavu, akanirudishia. "Ndaga fijo," alisema, kama ninavyoshukuru mimi nikipewa kitu kikubwa.

Siku ya tano, jua lilipochomoza kidogo, aliniita. "Njoo umwone mwenzangu wa pili."

Jiwe la pili lilikuwa limepasuka ubavuni. Ngozi ilikuwa imechanika, nyama ya ndani inang'aa kama yai bichi. La tatu lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Niligusa la nne, kidole kikazama. Nikainua chungu kimoja, kikawa kizito mno. Nikakigeuza.

Tundu lilikuwa limezibwa. Kitu cheupe, kigumu, kimesawazishwa vizuri kwa kidole. Nilikwangua kwa ukucha nikanusa. Wali. Wali uliopondwa, mchele wetu wa Kyela, ule ambao kila nyumba hapa inautumia kugundishia bahasha na kuzibia ufa wa chungu. Nikageuza cha pili, cha tatu, vyote sita. Vyote vilikuwa vimezibwa, kwa mkono wa mtu anayejua kazi.

Nilikaa sakafuni. Baba alikuwa ananitazama.

"Ulijua," nikamwambia.

"Niko hapa kutwa. Sina pengine pa kutazama."

"Kikombe kilikuwa cha mawe."

"Kikombe ni changu. Alikiazima."

"Kwa nini hukusema?"

Alifikiri. Alikuwa anaongea kwa kugawa pumzi. "Ulikuwa umekamata mwizi. Ulifurahi. Sijakuona umefurahi tangu umekuja."

Mama alitoka ndani, akaviona vyungu vimelala kifudifudi. Hakujitetea kwanza. Alisema, "Nilipovimwagilia maji yalikuwa yanatoka chini yote. Nikaona huyo mfinyanzi amekuibia. Nikaviziba, nikasema yatakunywa."

"Mama, nilikueleza kwamba tundu ni la makusudi."

"Ulieleza mambo mengi."

"Nilisema hata tone."

"Ulisema." Akaketi ukingoni mwa baraza, akautazama uwanja. Sauti yake haikupanda. "Sasa nieleze, wewe uliyesoma. Katika nyumba hii, kuna kitu kimoja chenye uhai ambacho mimi ninaruhusiwa kukipa maji? Kitaje. Nitaacha vingine vyote."

Ningesema mchicha, ningesema viriba vya kakao, na lingekuwa jibu sahihi la kipumbavu. Alikuwa anaamka saa kumi na moja na nusu, anampitia mume wake ambaye yeye haruhusiwi kumpa kitu, anachukua kikombe cha mume huyo huyo na kukipeleka kwa kilichokaa karibu naye zaidi. Na mumewe alikuwa anamtazama akifanya hivyo. Labda walizungumza. Sikuuliza.

Nilienda kuchukua jagi. Nilitaka kumpa vile vinne, pale pale, vyote. Nilikuwa nimemnyima mtu mwenye kiu vikombe vinne alivyostahili kwa ushahidi ambao ningemfelisha mwanafunzi akiniletea. Nilipofika kigodani nikasimama. Nikampigia simu muuguzi wa kliniki tunayompeleka. Alisikiliza, akasema usimlundikie. Miguu bado imevimba. Mpe kiasi chake cha leo, cha jana kimepita. Nikauliza uvimbe umetoka wapi kama hakuzidisha. Akasema inaweza kuwa chumvi, inaweza kuwa mwili umezoea kidonge, inaweza kuwa moyo wenyewe. Mleteni. Tulimpeleka, wakabadilisha kidonge, uvimbe ukapungua kidogo. Kilichousababisha sijui mpaka leo.

Cha jana kimepita. Hilo ndilo lililonikaa. Nilikuwa nimezoea kwamba kosa likigundulika linarekebishwa: unakata, unaandika juu yake. Haya maji yalikuwa kosa ambalo hata kulirekebisha kungekuwa kosa. Nilimmiminia kikombe cha saa moja, kimejaa mpaka ukingoni kama sheria inavyosema, nikampa kwa mikono miwili. Akalamba.

"Baba, nisamehe."

"Kimejaa leo," akasema. Ndilo jibu alilonipa.

Mawe manne yalioza. Niliyang'oa, nikayatupa kwenye shimo la maganda ya kakao. Mawili yalipona, yale ambayo hayakuwa yamesinyaa na ambayo mama, ingawa aliviziba vyungu vyake, hakuyaonea huruma ya kuyapa maji. Nilizibua vyungu vyao kwa mswaki. Vile vinne vitupu jirani aliviomba, nikampa. Baada ya siku mbili alivirudisha. "Vinavuja," alisema. "Aliyekuuzia ni nani, nikamseme?" Nikamwambia simjui.

Sasa ni mwezi wa saba, kumekauka, asubuhi kuna ubaridi mpaka baba anaomba blanketi. Kijiko cha chai nilimpa mama. Si kwa kumfundisha. Nilimwekea tu mkononi na kumwambia kazi hii sasa ni yake, nami sitaangalia. Alikataa, kisha akakipokea. Yeye na baba wanayakagua wenyewe. Wanabishana kama ubavu umejikunja au ni kivuli. Juzi walikubaliana kwamba umejikunja, mama akamwaga kijiko kimoja, polepole, na matone mawili matatu yakatokea tunduni yakaangukia ubao.

"Hayo yaliyotoka ni ya nani?" baba akauliza.

"Nyamaza wewe," mama akamwambia, na akayafuta kwa kidole, akakipaka kile kidole kwenye mdomo wake wa chini, wa baba, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Nilikuwa mlangoni na daftari. Sikuandika. Moyo wa baba haujapona na hautapona, daktari ametuambia, ni kuushika tu usizidi. Bado namwekea jagi mpaka mstarini. Bado nabonyeza kifundo na kuhesabu. Lakini asubuhi nikitoka barazani kabla ya saa moja, kikombe cha bati kinakuwa kigodani pale pale, kimefunikwa kifudifudi, na mimi nakipita kwenda kuwasha moto. Sikigeuzi.